Taifa Lililosimama Mlangoni

Nchi ninayotaka kuwasimulia ni yangu, ila jina lake sitalitaja. Msidhani naogopa. Jina lenyewe limesimamishwa kwa muda na serikali, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na neno "Mwanachama", na mpaka leo ninapozungumza nanyi hakuna anayejua kama sisi bado ni wanachama au tulishatoka. Ukiandika barua, kwenye anwani unaandika "Nchini" halafu unaweka nukta. Barua zinachelewa, lakini hata zamani zilikuwa zinachelewa, kwa hiyo hapo siwezi kulaumu mtu.

Mimi naitwa Mshamu, fundi cherehani. Kibanda changu kipo jirani na daraja, na daraja hilo ndilo linalotuunganisha na nchi ya ng'ambo. Sisi na wao, pamoja na nchi nyingine za jirani, tulikuwa katika Umoja wa Soko. Umoja ulikuwa na utaratibu wake wa kugawana neema ili pasiwe na mtu wa kununa. Ng'ambo walipewa Hospitali Kuu ya Wazazi. Sisi tukapewa makao makuu ya Kamati ya Kusimamia Hospitali Kuu ya Wazazi. Jengo zuri, lina vioo vya buluu, na wanakamati wote ni wanaume. Basi mwanamke wa kwetu akikaribia kujifungua alikuwa anavuka daraja kwa miguu, anajifungua ng'ambo, anarudi na mtoto mgongoni, na askari wa darajani anampa hongera. Tuliishi hivyo miaka nenda miaka rudi na wala hatukuona ajabu.

Ugomvi wote ulianza na nyongeza.

Nyongeza mnaijua. Unanunua dagaa, muuzaji anapima, kipimo kikishajaa unamtazama usoni na yeye anakutazama, halafu anachota tena kidogo kwa vidole na kukuwekea juu. Asipoongeza, unamuuliza kulikoni, tumekosana? Kwetu mtu asiyetoa nyongeza haolewi wala haoi. Sasa siku moja pakazuka maneno kwamba Umoja umepitisha kanuni ya kupiga marufuku nyongeza katika nchi zote wanachama. Nani kaiona hiyo kanuni? Hakuna. Nani kaisoma? Hakuna. Baadaye sana nilikutana na mtu aliyeisoma, akaniambia ilikuwa inahusu mizani ya kupimia ng'ombe. Lakini wakati huo tulishachelewa.

Aliyeishika ile habari na kuipa miguu alikuwa Mheshimiwa Ngwali Mbaruku, mbunge wetu, mtu mwenye sauti nzito na shingo fupi. Alikuja sokoni, akapanda juu ya meza ya muuza nyanya, nyanya zikapondeka, akasema:

"Ndugu wananchi! Leo wanatunyang'anya nyongeza ya dagaa. Kesho watatunyang'anya nyongeza ya mchuzi! Keshokutwa mtoto wako atakwambia, mama, niongeze uji, nawe utamjibu nini? Utamjibu, mwanangu, ngoja kwanza nikaulize Umoja?"

Wanawake wakapiga vigelegele kwa hasira, kama hilo linawezekana. Nililiona kwa macho yangu.

Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa mama mkwe wangu, Bi Mwanamvua. Alikuwa amekuja kwetu kwa sababu mke wangu Tausi alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, na yeye ndiye wa kumlea mzazi siku zake arobaini. Mpango ulikuwa wavuke wote wawili kwenda hospitali. Lakini kura ya maoni ya kutoka au kubaki katika Umoja ilipangwa wiki ileile, na Bi Mwanamvua akakataa katakata kuvuka kabla ya kupiga.

"Mama," nikamwambia kwa adabu, maana mkwe ni mkwe, "Tausi ataenda peke yake?"

"Dada yake yuko kulekule, atampokea. Mimi nikishapiga kura yangu, kesho yake navuka. Mkwe wangu, nyongeza ni haki yetu. Niliolewa kwa sababu ya nyongeza. Marehemu baba yake Tausi alikuwa muuza mchele, alinijazia pishi mpaka ikamwagika."

Tausi akacheka, akajishika kiuno, akachukua kikapu chake. Nikamsindikiza mpaka katikati ya daraja. Akaniambia nirudi nikamalizie gauni la bibi harusi wa watu, yeye hajafika huko kwenye kuzaa leo wala kesho. Nikarudi. Ndiyo mara ya mwisho kumshika mkono mke wangu, na nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Kura ikapigwa. Kulikuwa na masanduku mawili, moja lina picha ya miguu inatembea, maana yake kutoka, na moja lina picha ya kigoda, maana yake kubaki. Miguu ikashinda. Jamani, palikuwa na sherehe! Watu walipimiana sukari barabarani wakaongezeana mpaka mwenye duka akabaki na mfuko mtupu, naye akafunga duka huku anashangilia. Mheshimiwa Ngwali Mbaruku akateuliwa kuwa Waziri siku hiyohiyo, na jioni gari lake likaja kwangu akapimwe suti. Alitaka iwe na mifuko mingi. Nilimpima mwenyewe, tangu hapo akanijua kwa jina.

Kulipokucha ndipo ikagundulika kwamba hakuna aliyefikiria nchi inatokaje. Mtu anatoka kwa miguu, sawa, lakini nchi? Baraza la mawaziri likakaa. Wapo waliosema tuandike tangazo, wapo waliosema tunyamaze tu na tukiulizwa tuseme tulishatoka. Wakiwa katikati ya kelele, Mkuu wa Itifaki, bwana mmoja mkimya ambaye kazi yake ilikuwa kupanga viti, akanyoosha kidole na kuuliza:

"Samahani waheshimiwa. Tumeshaaga?"

Wakatazamana. Kwa kweli hakuna aliyekuwa ameaga.

Na hapa ndipo ninyi msio wa kwetu inabidi mnielewe. Kwetu unaweza kumtukana mtu, unaweza kumshitaki, unaweza hata kumwibia kuku, lakini kuondoka kwake bila kuaga, hapana. Hiyo ni aibu inayowafuata mpaka wajukuu. Watasema hukulelewa. Na kuaga kwenyewe si neno moja. Mgeni anasema, haya jamani, mimi nakwenda. Mwenyeji anamshika mkono, ala, mara hii? Kaa basi kidogo. Anakaa. Anasimama tena, anaambiwa hata chai? Anakunywa chai. Anasimama, anafika mlangoni, na hapo mlangoni ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza, maana yaliyomleta yote alikuwa ameyasahau. Nimewahi kuona wageni wamesimama mlangoni wanaaga mpaka kilichokuwa jikoni kimeungua, kimepikwa kingine, nao wakarudi ndani wakala.

Baraza likaamua kwa kauli moja: ujumbe wa taifa uende kwenye makao ya Umoja kuaga. Ng'ambo hukohuko ndiko yalikokuwa makao. Na kwa kuwa mtu anayeaga hayupo ndani wala hayupo nje, ikaamriwa kwamba daraja lifungwe mpaka kuaga kuishe, ili pasitokee mkanganyiko. Ujumbe ukapita, mlingoti wa kizuizi ukashushwa nyuma yao, kufuli likatiwa. Bi Mwanamvua alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na mzigo wake kichwani. Alifika mlingoti ukiwa unagusa chini.

Siku ileile Tausi akajifungua. Akanipigia simu, sauti imechoka.

"Mshamu, ni msichana. Ana masikio yako, maskini."

"Unamwita nani?"

"Nakusubiri wewe uje umpe jina. Unakuja lini?"

"Wamekwenda kuaga tu," nikamwambia. "Wakirudi nakuja."

Akarudia, "Wamekwenda kuaga?" Naye ni mtu wa kwetu, anajua. Akaanza kulia.

Baada ya hapo na simu nayo ikakatwa. Kampuni ilieleza kwamba haijulikani kama kupiga ng'ambo ni ndani au ni nje, kwa hiyo haijulikani watutoze vipi, na wao ni watu waaminifu, hawapendi kumtoza mtu visivyo.

Basi tukawa tunakwenda mtoni kupiga kelele. Mto wetu si mpana, ila una mamba, na mamba hawajajiunga na umoja wowote. Kila alasiri watu wanajipanga huku na kule, kila mtu anamwita wake, na kila mtu anasikia ya mwenzake. Pale mtoni ndipo tulipojua kwamba mwenye bucha ana mke wa pili, na kwamba mwalimu mkuu alikuwa anadanganya umri. Mtu unamwambia mke wako maneno ya faragha na mji mzima unakuitikia.

"Mshamu!" Tausi anapaza sauti. "Amekaa mwenyewe leo!"

"Nani?" anauliza mzee mmoja pembeni yangu.

"Mwanangu," namjibu.

"Amekaa mwenyewe!" mzee anawapelekea wengine, na mstari mzima unapiga makofi.

Mimi nakodoa macho naona kitu cheupe mikononi mwa Tausi, basi. Kilikuwa mtoto, kingeweza kuwa mkate. Bi Mwanamvua alikuwa anakaa chini kwenye majani, khanga mdomoni. Kule nyuma yake watu walikuwa bado wanabishana, huyu anasema tungebaki, yule anasema tungetoka haraka zaidi, na wote wawili wana watu wao ng'ambo. Siku moja akawageukia akawaambia nyamazeni, mnanizuia kumsikia mjukuu wangu akilia.

Redio ya taifa ilitupa habari kila jioni, nasi tulizikusanyikia. Mtangazaji alikuwa anasoma kwa fahari kubwa. Ujumbe wetu leo umeaga. Umeombwa ukae kidogo. Umekaa. Kesho yake: ujumbe wetu umesimama tena, umeonyesha msimamo, umeletewa chai. Kuna wakati ilitangazwa kwamba ujumbe umefika mlangoni, na watu wakatoka nje wakapiga ngoma usiku kucha. Asubuhi ikasemwa kwamba mmoja wa wajumbe alikumbuka jambo moja dogo kuhusu samaki, ikabidi warudi ndani.

Serikali nayo haikulala. Ikaunda Wizara ya Mambo ya Mlangoni, chini ya Mheshimiwa Ngwali Mbaruku, na ndani yake Idara ya Kizingiti, Idara ya Bawaba, na Kitengo Maalumu cha Komeo. Wakaniletea kazi. Bendera zetu zina nyota ya Umoja kwenye pembe. Nikaambiwa niifumue nyota. Nikafumua za wilaya nzima. Wakaja wakasema hapana, bado hatujatoka, irudishe. Nikairudisha. Halafu wakaja na uamuzi wa kitaalamu: nusu nyota. Nikawauliza nusu ya juu au ya chini, wakasema hilo liko kwenye kamati. Wakaondoka na mkasi wangu.

Tausi akapaza sauti kwamba mtoto ametambaa. Siku hiyo nikaona basi, imetosha. Nikavaa shati safi, nikachukua suti ya Waziri ambayo alitaka iongezwe upana, nikaenda nayo wizarani. Suti ni hati nzuri ya kupitia mlangoni kuliko zote. Makatibu walidhani nimeitwa.

Mheshimiwa alikuwa nyuma ya meza kubwa, nyuma yake kuna picha ya mlango uliofunguliwa nusu. Akaijaribu suti mbele yangu.

"Kwapani panabana, fundi."

"Nitapalegeza, Mheshimiwa. Mheshimiwa, mke wangu na mwanangu wako ng'ambo. Walikwenda hospitali tu. Naomba nikawachukue."

Akakaa. Akaweka vidole pamoja, akavaa uso wa msiba.

"Mtoto ana umri gani?"

"Ameanza kutambaa."

"Kuelekea wapi?"

"Mheshimiwa?"

"Anatambaa kuelekea upande gani? Kwetu au kwao? Hili ni swali la msingi sana, fundi. Wataalamu wangu watalihitaji."

"Sijui. Sijawahi kumwona kwa karibu."

"Unaona," akasema kwa huruma, "wewe mwenyewe huna taarifa kamili, unataka serikali ichukue uamuzi. Sikiliza nikueleweshe. Mwanao amezaliwa wakati taifa linaaga. Hakuzaliwa ndani, hakuzaliwa nje. Kitaalamu, huyo mtoto bado anazaliwa. Sasa mtu ambaye bado anazaliwa tutamwingizaje nchini? Kwa hati gani? Lakini nakupongeza. Mwanao ni wa kihistoria."

"Na mama yake? Yeye alishazaliwa zamani."

"Mama hawezi kuachana na mtoto. Hiyo ni sheria ya maumbile, siyo yangu."

Hasira ilinipanda. Nasema wazi, ilinipanda mpaka sindano niliyokuwa nimeibana mdomoni nikaiuma. Nikamwambia, "Mheshimiwa, na wewe juzi nilikuona unatoka ng'ambo kwa kigeti kidogo cha pembeni ya daraja. Ulikwenda huna jino la mbele, umerudi unalo."

Hata hakushtuka. "Ile ilikuwa ziara ya kuaga," akasema. "Nilikwenda kumuaga daktari wangu wa meno. Ningeondoka bila kumuaga ungenionaje?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kwa sababu, jamani, hapo alikuwa sawa. Hata mimi ningemuaga.

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za wizara ile, nikalia mbele ya askari. Askari akaniuliza kama nalia ndani au nje ya eneo la wizara, maana mpaka ni ngazi ya pili. Nikasogea.

Mtoto akasimama dede. Akatembea. Nikayapata yote hayo kwa sauti, kutoka ng'ambo, na mstari mzima ukapiga makofi kila mara, na mimi kila mara nikarudi nyumbani kwenye cherehani nikamshonea gauni la kukisia. La kwanza nilikisia mkono hivi, la pili hivi. Bi Mwanamvua alikuwa anayakunja na kuyapanga. Usingeweza kumuuliza tena habari ya nyongeza mama yule. Siku moja muuza dagaa alimwongezea, akamrudishia.

Halafu, katikati ya wiki isiyo na jambo lolote, redio ikalipuka. Ujumbe umemaliza kuaga! Ujumbe unarudi! Umoja umekubali rasmi kwamba tunaweza kutoka wakati wowote, mara tu tutakapomaliza kusindikizwa.

Mji mzima ukakimbilia darajani. Nami na Bi Mwanamvua tukakimbia, yeye amefunga mzigo wake tena, uleule. Mlingoti wa kwetu ulikuwa umenyanyuliwa kwa mara ya kwanza tangu ujumbe uondoke, na ule wa ng'ambo pia. Wajumbe wetu walionekana wanakuja kwa miguu, maana hakuna anayesindikizwa kwa gari. Nilitazama nguo kwanza, ndiyo kazi yangu. Vifungo vyote vimekataa kufunga. Walikuwa wamenenepa, walikuwa wameng'aa, mmoja alikuwa amefuga kitambi ambacho alikiegemezea mkono njia nzima. Pembeni yao walitembea wenyeji wa Umoja, wanawashika mikono, wanacheka nao.

Wakafika upande wetu. Wenyeji wakasema, "Haya jamani, sisi tunaishia hapa."

Mheshimiwa Ngwali Mbaruku, ambaye alikuwa pale kupokea, akashtuka kweli kweli. "Mrudi peke yenu? Njia yote hii? Haiwezekani! Nasi lazima tuwasindikize."

Wakawasindikiza mpaka upande wa pili. Kule wenyeji wakasema nao si watu wa kuacha wageni warudi wenyewe. Wakawarudisha. Upande wetu wakasema hapana, lazima tuwatoe. Asubuhi yote ikaenda hivyo, bendi inapiga, jua linachoma, waheshimiwa wanavuka daraja kwenda na kurudi, na redio inatangaza moja kwa moja: wako katikati, wanapeana mikono, wamegeuka! Kila zamu wananchi wachache waliunga mkia wa msafara kwa furaha.

Askari wa darajani alikuwa Afande Nasibu, kijana wa mtaa wetu, ambaye zamani ndiye aliyekuwa anatoa hongera kwa wazazi. Alinisogelea akitazama kwingine.

"Fundi, mimi sijasema kitu. Anayeingia anaulizwa hati. Anayesindikiza haulizwi."

Kumleta Tausi huku, haiwezekani, mtoto bado anazaliwa. Lakini mimi kwenda kule? Nikamtazama Bi Mwanamvua. Alishanielewa kabla sijafungua mdomo.

"Mkwe, twende."

"Mama, na nyumba? Hata majirani hatujawa—"

"Twende, baba. Usianze."

Tukaingia kwenye mkia wa msafara. Daraja lilikuwa fupi kuliko nilivyolikumbuka. Mbele, chini ya mlingoti wa ng'ambo, nikamwona Tausi. Amekonda. Kando yake amesimama mtu mdogo ameshika upindo wa khanga ya mama yake, kavaa gauni la njano. Kadiri tulivyosogea nikaona nywele, nikaona vidole, nikaona masikio. Loo, masikio yangu kabisa, yamekaa nje nje. Nilikuwa na jina lake mdomoni, nimelibeba tangu siku ile ya simu.

Msafara ukafika mlingotini. Wenyeji wakapita chini, wetu wakasimama na kuanza kupeana mikono kabla ya kugeuka. Bi Mwanamvua hakusimama. Hakumtazama mtu, hakusema kwaheri wala nini, aliinamisha kichwa na mzigo wake akapita katikati ya wenyeji kana kwamba anaingia chumbani kwake. Hivyo mama mkwe wangu, baada ya kura, hotuba, wizara na bendera, akawa raia wa kwanza wa nchi yetu kutoka kweli. Akamnyakua mjukuu, mjukuu akapiga ukelele.

"Mshamu!" Tausi akaita. "Njoo! Usisimame, njoo!"

Zilibaki hatua chache tu. Afande wa ng'ambo alikuwa ameshaanza kulegeza kamba ya mlingoti, msafara ule ulikuwa umetangazwa kuwa wa mwisho. Nikainama nipite.

"Fundi Mshamu!"

Ilikuwa sauti ile nzito, nyuma yangu, imejaa upendo na masikitiko.

"Fundi! Unapita hivihivi? Hata kuagana hatuagani?"

Nataka mjue kwamba niliijua hatari. Miguu yangu ilikuwa imeelekea mahali pazuri. Lakini nimelelewa. Mama yangu mzazi alinilea vizuri, Mungu amrehemu, na watu wote walikuwa wananitazama.

Nikageuka.

Mheshimiwa akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akautikisa, hauachii. Alikuwa anatabasamu kwa jino lake jipya.

"Habari za siku nyingi?"

"Nzuri, Mheshimiwa."

"Kazi?"

"Tunashukuru."

"Afya je? Umepungua, fundi."

"Ni hivyohivyo tu."

Nyuma yangu nikasikia kamba inakimbia, kisha mlio wa mti kugota kwenye chuma. Tausi alikuwa bado anaita, na juu ya sauti yake kulikuwa na kilio cha mtoto ambacho sasa, kwa kuwa nilikuwa karibu, nilikisikia vizuri sana.

"Na nyumbani je?" akauliza Mheshimiwa, bado ameushika mkono. "Mama na mtoto?"

"Hawajambo," nikasema.